Bima unayo, ila ya nini? Maji yalipoingia kwa baba mdogo Bahi

Simu ya mama mdogo iliingia saa kumi alfajiri, Januari 2024, na mtu wa nyumbani akikupigia saa hiyo unajua tu hakuna jema. Napokea nasikia mbuzi wanalia nyuma yake, yeye anasema maji mwanangu, maji yameingia ndani, tumepanda juu ya trekta la jirani na watoto. Nikamuuliza mvua imeanza saa ngapi huko? Akasema hapa haijanyesha hata tone, nyota zinaonekana.

Kama hujakaa Bahi, huku mkoa wa Dodoma, hayo maneno yatakushangaza, ila kwa watu wa kule ni kawaida kabisa. Mto Bubu unaanzia juu huko milima ya upande wa Kondoa na Manyara, unashuka kupitia Chemba unakuja kumwaga kwetu kwenye lile bwawa la asili la Bahi, na ukishafika pale hauna pa kwenda tena, maana tuko kwenye Bonde la Kati, maji yake hayaendi baharini, yanatuama mpaka jua liyanyonye. Kwa hiyo mvua inapiga Kondoa jioni, nyie Bahi mnalala na nyota, usiku wa manane mto unakuja na magogo. Ni tofauti na mto Kinyasungwe upande wa Mpwapwa, ule una njia, unaungana na Mkondoa unaenda Wami mpaka Bahari ya Hindi, ingawa na wenyewe sio mpole, watu wa reli ya kati kipande cha Gulwe na Kilosa wanaujua, mwanzoni mwa 2010 treni zilisimama kwa sababu maji yalibeba tuta na reli yenyewe.

Namshukuru Mungu hakufa mtu kwetu. Ila ukuta wa nyuma wa tofali mbichi uliyeyuka kama sukari kwenye chai, gunia 30 za mpunga zikalowa zikaanza kuota, na ile mashine ya kukoboa mpunga ambayo baba mdogo aliichukulia mkopo, mota yake ilikaa chini ya tope siku mbili. Nilifika kesho yake na bodaboda maana gari lilikwama njiani. Nikamkuta amekaa kwenye ndoo ameinamisha kichwa, nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, halafu neno la kwanza alilosema likanipa matumaini makubwa.

"Usiwe na wasiwasi sana. Mashine ina bima."

Nikamuuliza karatasi ziko wapi. Akasema ziko kwenye begi la nguo juu ya dari, zimepona, si nilikatwa hela ya bima siku ileile ya kuchukua mkopo? Na kweli, kwenye ile karatasi ya makato kuna mstari umeandikwa bima, na hela imekatwa, sio kidogo.

Tukaenda benki, sitaji jina wala tawi, maana ninachotaka kusema sio cha benki moja. Kijana wa mikopo alitupokea vizuri tu, akafungua faili, akasoma, akanyamaza kidogo. Akasema mzee, hii ni bima ya mkopo. Ungefariki, Mungu apishe mbali, au ungepata ulemavu wa kudumu, bima ingelipa deni lililobaki. Mashine yenyewe haimo. Baba mdogo akauliza, "Kwa hiyo ningekufa ndiyo ingelipa?" Kijana akasema ndiyo mzee. Tulitoka pale hatujaongea mpaka stendi. Na rejesho lilikuwa limebaki la miezi 11, na alililipa lote, kwa kuuza ng'ombe, kwa mashine ambayo haikoboi.

Hilo ndilo limenifanya niandike hapa. Sio kwamba baba mdogo hakuwa mwangalifu. Alikatwa hela ikiitwa bima, akapewa kurasa sita za Kiingereza asaini, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia kwa Kiswahili chepesi, mzee hii inakulinda na kitu gani na haikulindi na kitu gani. Tangu siku hiyo kila mtu akiniambia ana bima namuuliza swali moja, ya nini? Na mafuriko yametajwa humo kwa jina?

Nilianza kuulizia. Niliongea na mawakala watatu hapa mjini Dodoma, nikasoma nyaraka, nikaenda mpaka kwa watu wa TIRA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, bahati nzuri makao yao makuu yako hapahapa Dodoma. Nitasema nilichoelewa, ila kwanza niseme habari ya hatari yenyewe maana bima bila kuijua hatari ni kununua mwavuli hujui mvua inatokea upande gani.

Sisi Ugogo tumelelewa kuogopa ukame. Bibi yangu alikuwa anahesabu miaka kwa njaa, na njaa kubwa zaidi ya wazee wao, Mtunya, ile ya mwishoni mwa vita kuu ya kwanza, ina jina mpaka leo na watu wanaisimulia kama walikuwepo. Mafuriko hayana jina, utasikia tu "ule mwaka wa mvua nyingi". Kwa hiyo tunajenga kwa akili ya ukame: tunafuata udongo mzuri, tunafuata maji, tunakaa karibu na korongo maana ukichimba mchanga unapata maji kiangazi. Korongo likikaa miaka sita bila kujaa tunaona limekufa, mtu anauza kiwanja, mtu ananunua, mtu anajenga katikati ya njia ya maji na hati anapewa.

Mvua yetu kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 hivi, ni ndogo, ndio maana tunajisahau. Ila haiji kidogo kidogo, inakuja kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ndani ya msimu inakuja kwa mapigo machache makubwa juu ya ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu. Piga hesabu ya bati tu: paa la mita za mraba 100, ikipiga mvua ya milimita 50 kwa jioni moja, yanashuka maji lita 5,000, tenki zima lile kubwa jeusi, kutoka nyumba moja. Sasa chukua kilima kizima cha Kondoa ambacho hakina nyasi. Wazee wanakumbuka mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa sababu Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo, mpaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lile ili majani yarudi. Watu walilalamika sana na walikuwa na haki ya kulalamika, mfugo ndio benki yao, lakini mimi nikiangalia tope lililoingia kwa baba mdogo najua ni udongo wa shamba la mtu huko juu. Yaani mafuriko ya Bahi yanaanzia Kondoa, na hakuna ukuta utakaojenga Bahi ukamaliza hiyo habari.

Na msimu ule wa 2023/24 haikuwa siri. Mamlaka ya Hali ya Hewa walishasema El Niño inakuja. Desemba 3, 2023 yakatokea maporomoko ya Hanang, Katesh ikafunikwa na tope na mawe, wakafa watu zaidi ya 80. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Majaliwa akasimama bungeni, hapa hapa Dodoma, akasema waliokufa nchi nzima kwa mvua zile ni 155 na watu walioathirika wanazidi laki mbili. Sisi tulikuwa ndani ya hao laki mbili.

Kuna neno linalowapotosha watu wengi, hata wasomi, "mafuriko ya miaka mia". Mtu akisikia anadhani yakitokea leo basi yatarudi kwa wajukuu. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwaka wowote, kuna nafasi moja kwenye mia ya maji kufika kiwango kile, na mwaka unaofuata nafasi ni ileile, mto haukumbuki kwamba ulishajaa mwaka jana. Ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja inafika kama asilimia 26, yaani robo na ushee. Na kama mahali penu ni pa mafuriko ya kila miaka kumi, ndani ya miaka kumi tu nafasi ni asilimia 65. Mimi nilipomwelezea baba mdogo kwa kutumia punje za mahindi kwenye ungo, moja nyekundu na tisa nyeupe, kila mwaka unachota moja unairudisha, alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa kwenye vitabu. Akasema basi sisi tuna nyekundu mbili.

Sasa utajuaje una nyekundu ngapi, na ramani za mafuriko za kijiji kimoja kimoja hakuna ofisi itakayokuchapia? Nenda kwenye kiwanja kiangazi, usiende na dalali, nenda na mzee wa pale. Muulize maji ya ule mwaka yalifika wapi, akuonyeshe kwa mkono, usikubali akuambie "karibu karibu". Angalia migunga ya pembeni, utakuta majani makavu na mifuko ya nailoni imenasa kwenye matawi juu ya kichwa chako, hiyo ndiyo alama ya maji. Angalia udongo, ukiwa mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa mpaka mguu unaingia, jua hapo maji hukaa. Ukikuta mchanga laini umelala tambarare mbali na mto, jua mto ulishalala hapo. Halafu angalia tuta la barabara au la reli liko upande gani na kalavati ziko ngapi, maana tuta jipya linageuza maji, mahali pakavu tangu enzi za babu panakuwa bwawa mwaka mmoja tu baada ya barabara. Hili watu hawalisemi vya kutosha.

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na watu wanaichukulia kama ndio mpaka wa usalama. Nyumba ya baba mdogo iko mita 400 na kitu kutoka Bubu. Nilipima mwenyewe kwa hatua. Kwenye nchi ya tambarare kama ile mita 60 ni mlangoni kwa mto.

Na kitu kimoja cha bure kabisa ambacho sasa hivi tunafanya: tuna namba za simu za watu wa juu. Mama mdogo ana shoga yake Chemba wa kwaya, mvua ikipiga huko anatuma ujumbe, na kijiji kina masaa kadhaa ya kuhamisha mbuzi na magunia. Tangazo la hali ya hewa nalo tunalisikiliza kwa rangi, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, na tumekubaliana ikifika ya chungwa kwa upande wa Manyara na Dodoma kaskazini, magunia yanapanda juu ya chanja siku hiyohiyo hata kama jua linawaka. Na watoto hawavuki korongo. Maji ya kwenye goti yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima, na yakifika nusu mita na kitu yanabeba gari, kila msimu tunazika mtu aliyesema "naona ni madogo".

Haya, bima.

Kwa nyumba na biashara, unachotafuta kwa wakala kwa kawaida kinaitwa bima ya moto na majanga mengine. Hapo kwenye "majanga mengine" ndipo mafuriko yanapokaa au yasipokaa. Kuna bima zina moto na radi basi, kuna zinazoongeza dhoruba, mafuriko, tetemeko, na kuna ambazo mafuriko unayaongeza kwa kulipia zaidi. Rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana bima ya moto na wizi, analipa kila mwaka bila kukosa, na miaka yote alijua ana bima ya duka. Tulifungua pamoja, mafuriko hayamo, na duka liko bondeni. Nimesoma kwamba hata Marekani watu wanaangukia shimo hilohilo, bima ya kawaida ya nyumba kule haibebi mafuriko, ndio maana serikali yao kuu ilianzisha mpango wa pekee wa bima ya mafuriko mwaka 1968, na ukikata leo kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, ili watu wasingoje wingu liwe jeusi ndio wakimbilie. Kwetu uliza kampuni yako inaanza lini, usikate Desemba ukidhani umewahi.

Kwenye gari na pikipiki ni hivyohivyo, bima ndogo inalipa uliyemgonga, gari lako likibebwa na korongo ni hasara yako. Bima kubwa ndio ina nafasi, na bado uliza mafuriko yamo au ni nyongeza.

Neno la pili la kuuliza ni thamani. Tuseme nyumba ni ya milioni 40, wewe ili ulipe kidogo ukaandikisha milioni 20. Maji yanakula ya milioni 10. Unadhani utapata 10 maana iko chini ya 20, kumbe wanasema uliikatia nusu, basi hasara nayo wanalipa nusu, milioni 5, halafu wanatoa ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mwenye mali hubeba mwenyewe, wanaiita ekses. Sio wizi, imeandikwa, lakini lazima mtu akuambie kabla. Na kosa la kinyume nalo lipo, ukiandika thamani kubwa kuliko mali, hulipwi zaidi ya hasara uliyopata, umelipa ada ya bure.

Tofali mbichi ni kikwazo kikubwa, hapa nisidanganye mtu. Mawakala wawili kati ya watatu walisema nyumba ya tofali mbichi iliyowahi kuingia maji hawaichukui, wa tatu akasema ataleta mkaguzi aone. Hilo linaniuma, maana wanaohitaji ndio wanaokataliwa, nyumba nyingi za vijijini kwetu ni hizo, na tembe, zile nyumba za asili zenye paa la udongo, bado zipo. Ila alisema mashine na bidhaa zinaweza kukatiwa peke yake zikiwa kwenye jengo la tofali za saruji au za kuchoma, juu ya msingi ulioinuliwa. Hiyo ilinifungua macho, kumbe unaweza kuacha nyumba ukakinga kile kinacholeta ugali.

Kwa shamba kuna bima ya kilimo, ziko za aina mbili. Moja mkaguzi anakuja shambani kuhesabu hasara. Nyingine inaangalia kipimo cha eneo zima, mvua au picha za setilaiti, kipimo kikivuka kiwango mnalipwa wote bila mtu kuja. Hii ya pili ni nafuu na haraka, lakini kwa watu wa Bahi ina shida ambayo lazima uiulize mapema: kama kipimo ni mvua iliyonyesha kwenu, na maji yaliyokuzamisha yalinyesha Kondoa, kwenye kompyuta shamba lako ni kavu. Nyingi pia zimepangwa kwa ajili ya ukame, unalipwa mvua ikipungua, ikizidi hakuna kitu. Uliza, inalipa mvua ikizidi? Mto ukijaa bila mvua, inalipa? Akibabaika, rudi nyumbani kafikirie.

Na kabla hujatoa hela, hakikisha wakala na kampuni wamesajiliwa, TIRA wana mfumo wa kuhakiki hati kwa simu, dakika mbili. Omba uelezwe kwa Kiswahili, omba wakuandikie kwa mkono wao kwamba mafuriko yamo. Piga picha mashine, namba yake, risiti, ukuta, tuma kwa mtoto aliye mjini maana simu ya kijijini inaweza kuzama na picha zake. Maji yakiingia, piga picha kabla ya kufagia tope, toa taarifa siku hiyohiyo, na nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, kamati ya maafa ya kijiji iko kwenye sheria ya maafa ya 2022, barua yao ina uzito. Ukidhulumiwa yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huhitaji kuanza na wakili.

Kikundi cha kuweka na kukopa cha mama mdogo, VICOBA, kilimsaidia zaidi ya ofisi yoyote, ndani ya wiki alipewa hela ya mfuko wa jamii akanunua bati na sufuria. Lakini maji yalipita kwa wanachama 19 kati ya 30, mfuko ukaisha siku hiyohiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kampuni ya bima inatakiwa iwe na watu wa Mbeya na Tanga na Bukoba humo ndani, mto mmoja usiwamalize wote.

Mwaka huu baba mdogo amejenga kibanda cha mashine kwa tofali za kuchoma, msingi umepanda ngazi nne. Kwenye nguzo ya ukumbi amepiga mstari wa rangi nyekundu pale maji yalipofika, na ameandika tarehe, wajukuu wanapima urefu wao hapo. Wiki iliyopita yule wakala wa tatu alikuja na mkaguzi, kijana mpole, akamsalimia mzee vizuri, akazunguka, akauliza maji yalifika wapi. Baba mdogo hakujibu kwa mdomo, alimshika mkono akampeleka kwenye nguzo. Kijana akatoa tepu akapima kutoka chini, akaandika kwenye fomu, halafu akaenda akapima na ngazi za kibanda. Mstari uko chini ya sakafu ya mashine kwa sentimita 35. Wamesema jibu na bei watatuletea kabla ya Oktoba kuisha, na safari hii tumewaomba walete kwa Kiswahili.